Mtoto Asomaye Asichokielewa

Twaijua furaha ya mzazi wa Kabambare amsikiapo mtoto wake wa darasa la tano akisoma Kifaransa kwa sauti kubwa bila kukwama. Baba hutabasamu, jirani husifu. Lakini tukimwuliza mtoto, "Umesoma habari gani?", mara nyingi hutazama chini na kunyamaza. Je, ni haki kumsifu na kumpandisha darasa?

Wengine husema: "Ni haki. Kwanza sauti, maana itafuata." Neno hilo lina ukweli wake. Asiyejua herufi hawezi kupata maana. Tena katika Maniema watoto wengi hukariri Kurani kwa Kiarabu, na wazee Wakatoliki waliimba Misa kwa Kilatini, wala hatuwadharau. Sala ina heshima yake hata kama si maneno yote yanayojulikana. Lakini kitabu cha shule si sala. Kimeandikwa ili mtu ajue jambo. Na maana isipofika kabla ya mwisho wa darasa la sita, kwa wengi haitafika kamwe. Mwaka 2019 wanafunzi wa nchi 14 zitumiazo Kifaransa, Kongo ikiwamo, walipimwa katika mtihani wa PASEC. Katika Kongo, zaidi ya nusu ya waliofika mwisho wa shule ya msingi hawakufikia kiwango cha kutosha cha kusoma.

Hasara hiyo hujificha. Tazameni mfano: "Mgwembe alimfyaza kitwebe mtoni." Nani alifyazwa? Kitwebe. Wapi? Mtoni. Tumejibu sawasawa, wala hatujui neno lolote tulilosema ila mto! Ndivyo apatavyo maksi kumi mtoto ajuaye kunakili tu. Maksi hizo ni uongo, na atakayeulipia ni yeye mwenyewe.

Ataulipia namna gani? Katika miaka ya 1880 machifu wengi wa Kongo ya chini walitia alama zao katika mikataba ya Stanley, iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Hawakujua kwamba wanatoa nchi yao. Leo kwetu kuna dhahabu, kama kule Namoya, na penye dhahabu hapakosi karatasi za kutia sahihi. Mtu anayetamka maneno yote ya karatasi bila kujua yasemavyo ana hatari kuliko asiyesoma kabisa. Maana asiyesoma huita mwenziwe amsaidie, lakini huyu huona haya kuita.

Basi yatupasa nini? Tangu masomo ya msingi yafanywe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu ana haki ya kulalamika. Lakini dawa hii haidai fedha. Kabla ya kusoma, watoto wabahatishe habari kwa kichwa chake. Kila baada ya fungu wasimame, na mmoja asimulie kwa Kiswahili chake, kitabu kikiwa kimefungwa. Mwalimu aulize maswali ambayo jibu lake halikuandikwa: "Kwa nini alikimbia? Ungefanya nini wewe?" Kisha mtoto aonyeshe kwa kidole mstari uliompa jibu. Wawili wawili waulizane, hata darasa likiwa kubwa. Jioni amsimulie bibi yake. Bibi asiyejua Kifaransa atatambua upesi kama habari ina kichwa na miguu.

Zaidi ya yote, tuondoe haya. Yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume alikuwa mkuu wa hazina ya malkia, lakini alikiri mbele ya Filipo kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza. Hakuchekwa, alifundishwa. Kwa hiyo mtoto asemaye, "Mwalimu, hapa sijaelewa," si mkaidi wala si mjinga. Amesema kweli. Huyo ndiye tumsifu kwanza.