Dozi na Majaliwa

Kila Ramadhani hapa dukani kwangu Ngamiani, Tanga, huja mtu mwenye jipu pajani au kidole kilichovimba kwa usaha, mkononi karatasi ya daktari: kloksasilini miligramu 500, kila baada ya saa sita. Huniuliza kama anaweza kumeza dozi mbili kwa futari na mbili kwa daku. Nikimwambia haifai, hunijibu kwa upole: "Mponyaji ni Mungu, dokta." (Mimi ni mfamasia, lakini nimeshachoka kusahihisha.)

Ni kweli, nami naamini hivyo. Linaloniumiza kichwa ni namna Mungu anavyoponya. Dawa za jamii ya penisilini haziui wadudu kwa kumezwa nyingi kwa mpigo. Huua kwa kukaa mwilini juu ya kiwango fulani kwa saa za kutosha. Na figo hazifungi kazi: kloksasilini iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa muda usiozidi saa moja hivi. Anayemeza usiku tu anawaachia wadudu mchana kutwa wazaane.

Mwaka 1941 huko Oxford, Uingereza, polisi mmoja, Albert Alexander, alikuwa hospitalini, uso na kichwa vimejaa majipu, jicho moja limeshatolewa. Februari 12 akaanza kuchomwa penisilini, ambayo mtafiti Howard Florey na wenzake waliipata kidogo kidogo kwa taabu kubwa. Baada ya siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa adimu mno, wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaitoa penisilini iliyomo, wanamchoma tena. Ikaisha kabla hajapona. Ugonjwa ukarudi, na Machi 15 akafariki.

Je, Mungu alighairi siku ile dawa ilipokwisha? Mimi sioni hivyo. Aliyemuumba mdudu ndiye aliyeweka kiwango kinachomuua, na sijapata kusikia dua ya kuomba kiwango hicho kishushwe kwa sababu mgonjwa ana imani.

Wala sisemi tuabudu miligramu. Jipu lililoiva halipenywi vizuri na dawa hata umeze kwa saa. Sharti lipasuliwe, na dogo mara nyingi hupona kwa kupasuliwa tu. Wapo waliokamilisha dozi wakafa, wapo walioziacha njiani wakapona. Hapo ndipo ninapomwachia Mwenyezi Mungu. Namwachia baada ya kidonge cha mwisho, si kabla.

Halafu Kurani yenyewe imemruhusu mgonjwa kula mchana, alipe siku nyingine. Kukataa ruhusa hiyo kisha kuiita hali hiyo tawakali, mimi naona ni ukaidi tu. Kwa hiyo ndugu yangu, ukienda kwa daktari na jipu mwezi huu, mwambie mapema kwamba umefunga. Zipo antibayotiki za kumeza mara mbili kwa siku, na kama yako si miongoni mwa hizo, fungua, umeze kwa wakati, saumu utalipa.