Amerudi, lakini hajapona

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, zina ngazi kali. Mume akitoka Hospitali Kuu ya Pwani na mshono tumboni, ngazi ndizo zinazoamua alale wapi. Mtandikie ghorofa ya chini, karibu na choo, wageni waseme watakalo.

Halafu mvutano huanza. Mke anataka mumewe atulie. Daktari anataka atembee. Daktari yuko sahihi. Mtu aliyepasuliwa akilala tu, damu huweza kuganda miguuni, na donge likipanda mapafuni linaua. Basi leo afike mlangoni, kesho barazani, na akipata nguvu, jua likipoa, ajikokote Ndia Kuu kuelekea Ngome ya Yesu (pikipiki zimpishe). Akikohoa, aukumbatie mto tumboni. Ndoo ya maji asiiguse, hata ajione mzima: ngozi huziba mapema, ila nyama za ndani huhitaji wiki 6 au zaidi.

Mtihani hasa ni wageni. Kumzuru mgonjwa kuna thawabu, na hapa Kibokoni hakuna atakayeikosa. Wanakuja kwa makundi, kila mmoja na dawa yake, na chai yote inapikwa na yule yule aliyekesha. Mimi namhesabu mgeni kuwa ni yule aletaye sufuria ya supu, akaomba dua, akaondoka kabla ya kuketi. Hao wengine mke ana ruhusa kuwaambia mlangoni: “Ahsante shangazi, daktari kasema apumzike,” hata kama redio inasikika ndani.