Mstari wa Watt Haukunyooka

Chora mstari ulionyooka. Najua, utaomba rula. Haya, na rula ya kwanza duniani ilinyooshwa kwa rula ipi? Duara halina shida: msumari, uzi na penseli, umemaliza. Mstari ndio mtihani, na mwaka 1784 mtihani huo ulimkaba koo James Watt, Mskoti aliyekuwa akiunda injini za mvuke Birmingham, Uingereza.

Injini hizo zilikuwa na boriti kubwa iliyopanda na kushuka kama bembea ya ubao. Ncha ya boriti hukata tao. Fimbo ya pistoni inataka kwenda wima bila kuyumba. Zamani mnyororo ulitosha kuziunganisha, kwa kuwa pistoni ilikuwa ikivuta tu. Watt akaunda injini ambayo mvuke unasukuma pistoni juu na chini pia. Ushindi mkubwa, nao ndio uliomletea balaa: nani amewahi kusukuma kitu kwa mnyororo?

Alikuwa na miaka 48, mtu wa kuumwa kichwa mara kwa mara na mwepesi wa kukata tamaa. Ndiyo, huyohuyo. Akawaza vyuma vitatu: viwili virefu, kimoja kimefungwa kushoto na kingine kulia, na kifupi cha kuviunganisha. Ncha ya kirefu kimoja ikivutia kushoto, ya mwenzake huvutia kulia. Katikati ya kile kifupi mivuto hiyo hufutana, na nukta hiyo hupanda na kushuka karibu wima.

Karibu! Simama hapo, wewe unayeficha kazi yako uvunguni mwa kitanda ukisubiri ikamilike. Mstari wa Watt ulikuwa na pindo, na yeye alijua. Hakungoja. Mwaka uleule alichukua hataza, na muda si mrefu injini zake zikawa zinasaga nafaka London, kwenye kinu cha Albion. Mstari ulionyooka kwelikweli ulikuja kutangazwa 1864 na Peaucellier, afisa wa jeshi la Ufaransa, kwa vyuma saba. Miaka 80 baadaye! Ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwanasayansi Kelvin, alipopewa mfano wake aushike, hakutaka kuuachia. Lakini kufikia hapo pindo la Watt lilikuwa limeendesha viwanda kwa vizazi.

Naye hakulionea haya. Mwaka 1808, mzee wa miaka 72, alimwandikia mwanawe kwamba katika vyote alivyobuni, hicho ndicho alichojivunia zaidi. Si kile chumba cha kupozea mvuke kilichompa jina. Vyuma vitatu!

Sasa inuka, tafuta boksi gumu. Kata vipande viwili vya sentimita 20 na kimoja cha 10, viunge kwa pini, kifupi kikae katikati. Ncha mbili zilizobaki zibane ubaoni: sentimita 40 kati yake kwa upana, na moja iwe juu ya nyingine kwa sentimita 10. Toboa katikati ya kile kifupi, tia penseli, zungusha. Utapata namba 8 nyembamba, yenye mapindo tele. Watt alichukua kile kipande cha katikati kilichokaribia kunyooka, akakifunga kwenye pistoni, akawasha moto.