Mgeni Mwenye Kijiti

Mwaka 1869, katika hekalu moja mjini Yokohama, Japani, vijana wapatao 30 kutoka jimbo la Satsuma walianza kufundishwa kupuliza ala za Kizungu. Mwalimu wao, John William Fenton, alikuwa mzaliwa wa Ireland na kiongozi wa bendi ya kikosi cha Uingereza kilichokuwa kimewekwa bandarini hapo. Mwaka uliofuata aliwatungia Wajapani wimbo wa taifa. Alichukua shairi lao la kale, Kimigayo, akalipachika muziki wake, na bendi ya wanafunzi wake ikaupiga mbele ya Mfalme. Wimbo haukudumu. Fenton hakukijua Kijapani, na waliokijua walisikia muziki ukienda kwake na maneno yakienda kwake. Mwaka 1880 wanamuziki wa ikulu waliutunga upya kwa mizani ya muziki wao wenyewe. Mjerumani Franz Eckert, aliyekuwa ameajiriwa kufundisha bendi ya jeshi la majini, akapewa kazi ndogo zaidi: kuutafutia sauti za kusindikiza. Huo ndio unaopigwa mpaka leo.

Fenton hana kesi ya kujibu. Vijana aliowafundisha ndio mzizi wa bendi za kijeshi za Japani, na maneno ya wimbo ule alipewa na wenyeji wenyewe. Kinachonishughulisha ni tofauti ya mkao wa wageni hawa wawili. Mmoja alitoa zawadi ya kile alichokuja nacho kutoka kwao. Mwingine alikuta chakula kimeshapikwa, akaulizwa kama anaweza kuongeza chumvi, akaongeza, akanyamaza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema, na tunasema kwa ukarimu mwingi kiasi kwamba hatuulizi mgeni mwenyewe amekuja na nini. Mwongozaji wa bendi anayealikwa nchi za watu ni mgeni wa aina yake. Hufika Jumatatu akawakuta watu waliokwisha kupiga pamoja miaka mingi. Jumanne na Jumatano huwasahihisha. Jumamosi huinama mbele ya ukumbi na kupokea makofi ya jasho la wengine. Kazi ikiwa na sura hiyo, kiburi hakihitaji kubisha hodi. Hata hivyo, bila watu wa kazi hii muziki wa bendi za kupuliza ungebaki ulikozaliwa: kambini, kwenye gwaride, na kwenye bustani za mji jioni ya Jumapili.

Ulibaki huko muda mrefu. Okestra zenye fidla zilikuwa na Beethoven na Brahms. Bendi zilikuwa na machi, pamoja na vipande vya opera vilivyokatwa na kushonwa upya ili viingie kwenye tarumbeta na klarineti. Kazi nzuri zilizoandikiwa bendi hasa zilikuwapo, kama ile Suti ya Kwanza ya Gustav Holst ya mwaka 1909, lakini zilikuwa chache, na wakubwa wa muziki hawakuzihesabu.

Frederick Fennell alizihesabu. Alikuwa mwalimu wa Eastman School of Music, huko Rochester, jimbo la New York, na mwaka 1951 ugonjwa wa ini ulimlaza hospitalini kwa muda wa kutosha kufikiri. Septemba 1952 alikusanya wanafunzi kwa mazoezi ya kwanza ya kundi aliloliita Eastman Wind Ensemble. Bendi za vyuo vya Marekani wakati huo zilikuwa na watu themanini, hata mia, klarineti zikijipanga msururu mzima kupiga sauti ileile moja. Fennell akataka kila sauti iwe na mtu wake mmoja.

Ukiitazama kwa haraka utaiona kuwa hesabu ya kiufundi, nami nilivyoizingatia zaidi ndivyo nilivyoiona kuwa jambo la maadili. Katika msururu wa klarineti kumi na mbili, anayekosea hufunikwa na jirani yake, na anayepatia naye hufunikwa vilevile. Ukiachwa peke yako kwenye sauti yako huna pa kujificha, na pia hakuna wa kukupokonya. Kiongozi anayewapanga watu hivi amejipunguzia ukubwa mwenyewe. Hawezi tena kuupungia mkono umati, ni lazima aseme na mtu.

Halafu kuna barua. Kabla kundi halijajulikana, Fennell aliwaandikia watunzi wapatao 400 duniani, akawaeleza ana ala zipi na kuwaomba waziandikie chochote wanachotaka. Fedha za kuwalipa hakuwa nazo. Alichoahidi ni kwamba watakachoandika kitafanyiwa mazoezi kwa uangalifu na kupigwa. Wa mwanzo kujibu walikuwa Percy Grainger, Mwaustralia, Vincent Persichetti, Mmarekani, na Ralph Vaughan Williams, mzee wa Uingereza aliyekuwa akigonga miaka 80.

Naikumbuka sana habari hiyo ya barua kila ninaposoma wasifu wa viongozi wa sanaa, ambao mara nyingi huandikwa kana kwamba walizaliwa na ufuasi tayari. Kuwaandikia watu mia nne, wengi wao wasiokujua, ukiwaomba kazi ambayo jina lako litasimama juu yake, kunataka shingo laini. Wengine wangeona ni kuombaomba. Lakini mtu asiyeweza kuomba huishia kupiga alichonacho, na alichonacho mwongozaji, kwa hakika ya kazi yake, si chochote. Hana hata filimbi.

Santuri ambazo kundi la Eastman lilirekodi na kampuni ya Mercury zilivuka bahari na kufika Japani, nchi ambayo shule kwa maelfu zina bendi, na watoto hubaki baada ya masomo wakirudia ukurasa mmoja mpaka giza liingie, wakijiandaa kwa mashindano ya taifa. Mwaka 1978 kundi lenyewe lilizuru huko, likiongozwa na Donald Hunsberger. Kisha, mwaka 1984, Fennell akiwa na miaka 70, alikwenda kuongoza Tokyo Kosei Wind Orchestra, bendi iliyoanzishwa mwaka 1960 na jumuiya ya Kibudha ya Rissho Kosei-kai.

Habari hii huwa inasimuliwa kama ya mwalimu aliyepeleka nuru Mashariki. Sikubaliani nayo. Marekani, pamoja na vyuo vyake vyote, bendi zake kubwa za watu wanaolipwa mshahara kwa kupuliza tu zilikuwa hasa za jeshi. Japani ilikuwa imejijengea ya kiraia, yenye ofisi, wapigaji wa kudumu na mpango wa mwaka. Mzee alikwenda kufanya kazi mahali ambapo ndoto yake ilikuwa imekua kuliko alikoiotea, na alikwenda kama mwajiriwa. Mjini Kofu ukumbi wa muziki ulipewa jina lake mwaka 1992. Mimi huona heshima kubwa zaidi ni ile ya kwanza: kuajiriwa na watu waliokusikia kwenye santuri, ukakubali kwamba sasa kuna mambo wanayajua kukuzidi.

Muziki wenyewe husafiri kwa njia ndefu kuliko watu. Chukua Dansi za Kiarmenia za Alfred Reed. Nyimbo zake zilikusanywa vijijini na Komitas, padri wa Kiarmenia aliyezaliwa mwaka 1869, mwaka uleule ambao vijana wa Satsuma walikuwa wakihangaika na pumzi zao Yokohama. Mwaka 1915 Komitas alikamatwa Istanbul pamoja na wasomi wengine wa watu wake. Alinusurika kuuawa, lakini akili yake haikutulia tena. Alifariki Paris mwaka 1935. Reed, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Austria, alizichukua nyimbo hizo akaziandikia bendi, na sehemu ya kwanza ikapigwa Januari 1973 na bendi ya Chuo Kikuu cha Illinois. Aliyeiongoza ni Harry Begian, mtoto wa Waarmenia waliohamia Marekani, na ndiye Reed aliyemtunukia kazi hiyo. Kutoka hapo ikaenda Japani, ambako Reed alialikwa mara nyingi, na leo kuna watoto wa sekondari huko ambao hawajawahi kumwona Mwarmenia na wanazijua nyimbo hizo kwa moyo.

Padri, mtunzi, mwongozaji, mtoto wa shule. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mwenye mali. Kila mmoja alishika amana kwa muda wake, akaipitisha. Nalo jina la Komitas halikudondoka njiani, jambo ambalo si dogo. Nyimbo za vijijini mara nyingi hufika kwenye majukwaa makubwa zikiwa zimepoteza jina la kijiji na la aliyezikusanya, na aliyezipanga anatia sahihi kana kwamba alizikuta zimeanguka barabarani.

Waongozaji nao walikuja kujipatia baraza lao. Mkutano wa Manchester wa mwaka 1981 ndio uliozaa chama cha kimataifa cha bendi za kupuliza, WASBE, kilichofanya kongamano lake la kwanza Skien, Norway, mwaka 1983, na tangu hapo kikawa kinahama nchi hadi nchi. Mashindano ni ya zamani zaidi. Kerkrade, Uholanzi, wamekuwa wakiyafanya takriban kila baada ya miaka minne tangu 1951. Nakiri upendeleo wangu: kati ya mahali wanapogawa medali na mahali ambapo mwongozaji huketi kwenye viti vya nyuma akisikiliza bendi ya mwenzake, nachagua viti vya nyuma.

Kwetu pwani hatukungoja kualikwa. Mwanahistoria Terence Ranger alitoa kitabu kizima mwaka 1975 juu ya beni, ngoma iliyoanza miaka ya 1890 kwenye miji ya pwani ya Kenya. Watu walizisikia bendi za wakoloni na za misheni, wakachukua ngoma, sare na vyeo vya kijeshi, wakavitia kwenye mashindano yao ya mitaa. Vyama viwili vya beni, Marini na Arinoti, vikatambiana, na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakaieneza bara. Unguja beni bado inatoka barabarani kwenye harusi. Dar es Salaam, Jumamosi, gari la matarumbeta linatangulia msafara wa bibi harusi, vijana wamejipanga nyuma ya pikapu, na wengi wao walifundishwa na kaka wa mtaani, bila nota.

Hao ndio wenyeji ambao mgeni mwenye kijiti huwakuta. Wapo wanaokuja vizuri. Uganda, shirika la Brass for Africa lilianza mwaka 2009 na ala zilizokwisha kutumika za bendi ya vijana wa Uingereza, na leo walimu wake wengi ni Waganda waliojifunza kwenye matarumbeta hayohayo, wakiwafundisha wadogo zao. Ziara ninayoitilia shaka ni ile ya wiki moja: semina, picha ya pamoja, vyeti, na siku ya mwisho machi ya Ulaya inayopigwa polepole mno na watu ambao Jumamosi iliyopita walikuwa wakipiga mambo magumu zaidi juu ya gari linalotembea. Mgeni anaondoka akiamini amewapandisha darasa.

Ningetamani aanze kwa kupanda hilo gari, kisha amwandikie mtu wa hapa barua kama zile za Fennell: tuna ala hizi, hatuna fedha, andika unachotaka, tutakifanyia mazoezi kwa heshima. Na kazi hiyo ikipigwa Kerkrade, aalikwe mpigaji ngoma wa Temeke, Dar es Salaam, awaongoze Waholanzi, awaonyeshe wapi pigo linatakiwa kuchelewa na kwa nini hawataliona kwenye karatasi. Tiketi yake atailipa nani, hapo sina jibu. Za kuja huku huwa hazikosi mlipaji.