Je, Nia Njema Yamtoa Mtu Katika Dhamana?

Ndugu Waislamu, amjuaye mama wa Eldas hawezi kusema kuwa humpeleka binti yake kwa ngariba kwa chuki. Humpeleka kwa kumtakia stara na ndoa njema, tena kwa kudhani kuwa hiyo ndiyo dini. Basi swali letu ni hili: nia ikiwa njema na tendo likawa na madhara, je, nia hiyo yamtoa mtu katika dhamana?

Kwanza yatupasa tuyajue madhara yenyewe. Katika tohara iitwayo ya Kifirauni, viungo vya nje vya uke hukatwa, kisha jeraha hushonwa likabakia tundu dogo tu. Mkojo na hedhi hutoka kwa taabu. Vikikwama, maradhi huingia kibofuni, na yaweza kupanda hata kwenye figo na kizazi. Siku ya kuzaa, kovu halinyumbuki. Hupasuka au hulazimu likatwe, na damu ikatoka. Na mke wa mfugaji aliye mbali na hospitali atampata wapi wa kumwongeza damu?

Husemwa: "Nyanya zetu walikatwa, na walizaa." Ni kweli, lakini tuwaonao ni waliosalia. Waliofariki pamoja na vichanga vyao hawapo barazani kutoa ushahidi. Kwa hiyo hapana budi wote wahesabiwe, wazima na wafu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza uchunguzi wa wanawake 28,393 waliojifungua katika hospitali za nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo. Waliokatwa walilinganishwa na wasiokatwa. Kwa walioshonwa, hatari ya kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ilizidi kwa asilimia 70, na hatari ya mtoto kuzaliwa maiti au kufa angali hospitalini ikazidi kwa asilimia 55.

Sasa turejee kwenye swali. Wanazuoni wa fiqhi wamesema kuwa asiyejulikana kwa utabibu, akimtibu mtu akamdhuru, yu dhamini, hata kama alikusudia kumponya. Nia yake yaweza kumpunguzia lawama, lakini hairejeshi damu iliyomwagika. Na aliyekwisha kuelezwa madhara, kisha akaendelea, hana tena udhuru wa ujinga.

Ama kauli ya kuwa tohara ya mwanamke ni wajibu, imo katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii, wala hatuifichi. Lakini kauli hiyo haikuamrisha kushona. Na hukumu ihusuyo mwili huhitaji kujua hali ya mwili. Tabibu mwadilifu akikuambia maji yatakudhuru, watayamamu. Akikuambia saumu itakuangamiza, wafuturu. Iweje neno lake lipokelewe katika swala na saumu, ambazo ni nguzo, kisha likataliwe katika mila? Wanazuoni wa Al-Azhar walitamka mwaka 2007 kuwa ukataji huu hauna msingi katika sheria ya Kiislamu, na kwamba unadhuru.

Wako waliouacha ukataji wa Kifirauni wakaenda kwa muuguzi mwenye ganzi, wakidhani wameokoka. Ganzi huondoa maumivu ya saa ile. Kiungo kilichokatwa hakirudi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imemkataza hata mganga.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Hesabu ya serikali ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa katika Kaskazini Mashariki wanawake wapatao 98 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekatwa. Watu hawaachi kwa kuogopa polisi jambo wanalolidhani kuwa ni ibada, hulificha tu. Atakayewaondolea dhana hiyo ni mwalimu wao, na akinyamaza, dhamana yamwangukia yeye kabla ya ngariba.

Basi waalimu na waliseme hili msikitini na chuoni bila kuona haya. Na baba mwenye mwana wa kiume aseme mbele ya wazee kuwa atamposea binti ambaye hakukatwa. Kwani mama akiwa na yakini kuwa binti yake ataolewa, hofu impelekayo kwa ngariba itaondoka.

Mwenyezi Mungu atupe ujasiri wa kuifuata haki tuijuapo. Amin.