Sitara ya Mtoto wa Mwenzio

Mdogo wangu, nimesikia umekubali kushika kamera ya klabu msimu huu, nami nimefurahi, maana binti yangu amemaliza shule na sitakuwapo tena pembeni mwa bwawa kila Jumamosi. Wa kukufundisha lenzi hutawakosa. Mimi nakuachia yale yasiyoandikwa kwenye kijitabu cha kamera. Unaingia mahali ambapo watoto wa watu wamevaa nguo ya kuogelea tu, wamechoka, wengine wanalia, na mkononi umepewa jicho linaloona kwa karibu kuliko mama zao waliokaa juu kwenye viti. Hiyo ni amana. Sisi tuliolelewa Tanga tuliijua sitara kabla hatujajua kusoma. Hapa Minnesota haiitwi hivyo, lakini kila mzazi unayemwona pale anaitaka kwa mwanawe.

Nianze na kosa langu. Msimu wangu wa kwanza nilipiga picha zaidi ya elfu moja kwa siku moja, nikarudi nyumbani usiku nimechoka, nikazipakia zote kwenye albamu ya wazazi bila kuzipitia. Asubuhi akanipigia simu mama mmoja. Hakupandisha sauti. Aliniomba tu nifungue picha fulani nitazame upande wa kushoto. Mimi nilikuwa nimemlenga mshindi anayecheka, ngumi juu. Kushoto, nyuma yake, alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu anatoka majini huku anavuta nguo yake kwa kidole ikae sawa, kama wanavyofanya wote wakitoka. Sikumwona nilipobonyeza. Niliifuta saa ile ile, kisha nikaenda kwa yule mama kumwomba radhi ana kwa ana. Alinisamehe. Binti yake hakunisamehe haraka. Hadi Machi, kila nilipoinua kamera alikuwa akijifunika taulo. Tangu siku ile haitoki picha kwangu kabla sijaifungua na kuikagua pembe zote nne, kwa sababu aliye nyuma naye ni mtoto wa mtu.

Kwa hiyo usisimame nyuma ya vibao vya kuanzia wakati watoto wanainama. Mashindano mengi ya hapa yanakataza, na hata pale yasipokataza, wewe jikataze. Chumba cha kubadilishia nguo usikikaribie na kamera, hata ikiwa imezimwa, hata ikiwa unamtafuta mwanao tu. Marekani, tangu sheria ya kuwalinda wanamichezo wadogo itiwe saini mwaka 2018, mambo haya yamekazwa: utafanyiwa uchunguzi wa rekodi yako na utasomea mafunzo kabla ya kuruhusiwa kukanyaga pembeni mwa bwawa. Usinung'unike wala usione umeshukiwa. Masharti hayo yaliwekwa kwa sababu wapo watoto walioumizwa na watu walioaminiwa.

Mtoto akikuomba picha yake, mtumie mzazi wake. Usimwandikie mtoto ujumbe peke yake, hata kama unamjua tangu akiwa tumboni. Jina lake kamili na shule yake usiviweke chini ya picha. Na wapo wazazi ambao hawataki mtoto wao apigwe picha kabisa. Mwanzo wa msimu waulize wote, kila mmoja kwa heshima yake, uandike. Sababu usiulize. Mwingine ana talaka yenye kesi, mwingine amekimbia nchi yake, mwingine binti yake anaogelea kwa vazi la kumfunika mwili mzima na hataki watu wamjadili. Yote hayo hayakuhusu.

Sasa mwanzo wa mbio. Filimbi ndefu ikilia, watoto wanapanda. Mwamuzi akitoa amri wanainama, na ukumbi mzima unanyamaza hata unasikia maji yakipiga ukingo. Wewe nawe nyamaza, kidole na kamera. Flashi usiitumie kamwe. Chombo cha kuanzishia mbio hutoa mlio pamoja na mwako wa taa: mtoto kiziwi huondoka kwa ule mwako, na wazazi wenye saa mkononi huanza kuhesabu kwa huo huo. Flashi yako ni mwako wa pili. Mtoto akiruka kabla ya wakati anaondolewa, na alikuwa amezifanyia mazoezi mbio hizo miezi minne. Ziba pia ile taa ndogo nyekundu ambayo kamera huiwasha yenyewe kutafuta umbali. Kipande cha utepe mweusi kinatosha.

Utajaribiwa kuiweka kamera ipige kimya kimya, ili isisikike. Ni adabu nzuri, lakini ijue hila yake: umeme wa huku ni wa mizunguko 60 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za mabwawa hufifia na kung'aa mara 120 kwa sekunde, na kamera ikipiga kimya huchora mistari ya giza juu ya uso wa mtoto. Nilichojifunza ni kutopiga kabisa wakati wa ukimya, na kungoja waguse maji. Kelele ikirudi, bonyeza upendavyo. Kasi isishuke chini ya sehemu moja ya 800 ya sekunde, na chembechembe zikijaa kwenye picha kwa sababu ya giza la ukumbi, ziache. Mama hahesabu chembechembe kwenye uso wa mwanawe.

Januari utatoka kwenye baridi ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri na kuingia kwenye joto lenye unyevu. Lenzi itaingia ukungu mara moja. Usiifute kwa shati. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uingie nayo, uiache ipate joto polepole kwa nusu saa. Vua pia viatu vyenye theluji na chumvi, maana watoto wanakanyaga hapo miguu mitupu. Waamuzi wa mitindo hutembea ukingoni wakifuata waogeleaji. Mpishe kila apitaye, hata kama picha inakupita.

Mtindo wa chura umngoje mtoto mbele, mwisho wa njia yake. Akiinuka kuvuta pumzi, maji humfunika uso kama kioo chembamba, macho yanaonekana ndani yake, kisha kioo kinapasuka. Ni chini ya kufumba na kufumbua. Ukiipata hiyo mara moja kwa siku, umefanya kazi. Kipepeo nacho ni cha mbele. Chali na mtindo huru simama ubavuni, ila kwa huru ujue kwanza mtoto anapumulia upande gani, usije ukapiga kisogo siku nzima.

Na umpige mtoto wa mwisho. Hapa nakusihi. Katika mbio za yadi 500, ambazo ni kuvuka urefu wa bwawa mara 20, yupo atakayebaki majini peke yake wenzake wameshavaa taulo. Wengi wenye kamera hushusha mkono hapo. Wewe baki naye. Usimpige wakati amekwama anakohoa, wala akilia ukutani. Ngoja aguse, avue miwani, atafute saa ya ukutani kwa macho. Mara nyingi amejishinda mwenyewe kwa sekunde kadhaa na hakuna anayejua ila yeye na kocha wake. Mwanao utampiga pia, lakini katika kila picha mia hesabu zake ni ngapi. Mimi nilijikuta na picha sabini za binti yangu na tatu za mtoto wa dereva wa basi ambaye kazi haimpi nafasi ya kuja kutazama. Yule baba ndiye aliyezihitaji kuliko mimi niliyekuwa pale.

Jumamosi kupasha mwili kunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Fika mapema, jaribu mwanga wakati hakuna anayeshindana, ujitambulishe kwa mwamuzi mkuu, umwulize anataka usimame wapi. Betri ya pili huishiwa nguvu haraka kwenye baridi, iweke mfuko wa ndani wa koti. Orodha ya wazazi wasiotaka picha nimeikunja ndani ya begi, upande wa zipu.