Wajibu kwa Kitu Kisichodumu: Kutu, Mlango wa Gari la Kale na Maana ya Amana

Miongoni mwa maswali ambayo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wameyarudia kwa karne nyingi ni lile la wajibu wa binadamu kwa vitu ambavyo mwisho wake ni kuharibika. Ikiwa chuma hakina budi kuliwa na kutu na mbao hazina budi kuoza, ni kwa hoja gani mtu anaweza kudai kwamba kuvitunza ni wema, wala si kupoteza mali na wakati katika vita ambavyo mshindi wake anajulikana kabla havijaanza? Swali hili hupata uzito linapowekwa mbele ya kitu mahususi, na mlango wa gari la kale unafaa kulipima, kwa kuwa ndani yake maji, chuma na ubao hukutana katika uwazi finyu ambao mwenye gari hauoni, na jinsi anavyoutendea uwazi huo hudhihirisha anachoamini kuhusu mali, uzembe na amana.

Mfano ulio wazi ni Volkswagen Beetle, gari lililoanza kuundwa mwaka 1938 na ambalo la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla nchini Mexico mwezi Julai 2003. Mlango wake, kama ilivyo milango ya magari mengi ya enzi hiyo, una bati la nje na bati la ndani, na katikati yake pana nafasi ambamo kioo na mashine ya kukipandisha hufanya kazi. Upande wa abiria hufunikwa na paneli, yaani ubao mwembamba wa hadibodi, uliotengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na kuvikwa ngozi bandia, ambao hushikizwa kwa klipu kuuzunguka mlango. Wengi hudhani kwamba mlango wa namna hii umeundwa usipitishe maji kabisa, lakini sivyo: mvua inayotiririka juu ya kioo hupenya kiasi kando ya ulimi wa mpira unaokifuta kioo, hushuka ndani ya mlango, kisha hutoka kwa matundu madogo yaliyoachwa makusudi kwenye ukingo wa chini. Ili maji hayo yasiifikie paneli wakati yakishuka, hubandikwa nyuma yake karatasi iliyotiwa lami au nta, au karatasi ya nailoni, ambayo ndiyo kinga ya pekee kati ya ubao na unyevu.

Madhara huanza pale mpango huo unapovurugwa. Vumbi na majani huziba matundu ya chini. Ulimi wa mpira hukauka kwa jua na kupasuka. Fundi aliyefungua mlango kutengeneza mashine ya kioo huichana nailoni, akarudisha paneli bila kuibandika upya, kwa sababu kasoro hiyo haitaonekana gari likitoka gereji. Maji yaliyokosa njia hukaa katika pindo la chini, mahali bati la nje lilipokunjwa kulikumbatia bati la ndani, na hapo chuma huungana na oksijeni kwa msaada wa maji na kuwa kutu, jambo linalokwenda haraka zaidi penye chumvi, kama katika miji ya pwani mfano wa Mombasa na Tanga. Tofauti na utando unaojitokeza juu ya aluminiamu, ambao hushikamana na kuizuia hewa, kutu ya chuma ina vinyweleo na hubanduka, hivyo haikilindi kilicho chini yake; tena huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ikalipanua pindo na kukaribisha maji zaidi. Wakati huohuo hadibodi hunywa unyevu kuanzia ukingo wake wa chini, huvimba, hupinda, ngozi bandia huachia gundi, na klipu hung'oka kwenye matundu yaliyolegea.

Plato, katika kitabu cha kumi cha *Jamhuri*, alieleza kwamba kila kitu kina uovu wake mahususi unaokiharibu, akataja kutu kwa chuma na uozo kwa mbao. Anayetaka kujivua wajibu anaweza kuishika hoja hiyo na kuiongezea nguvu kwa elimu ya madini, kwa kuwa chuma kwa kawaida huchimbwa ardhini kikiwa kimeshikamana na oksijeni, kikatenganishwa nayo kwa moto mkali, na kutu si jingine ila marejeo yake katika hali inayofanana na ile ya kwanza. Hata hivyo hoja hii huthibitisha kwamba mwisho upo, bila kuthibitisha kwamba wakati wa kuufikia haujalishi. Kifo cha kila mgonjwa hakimwondolei tabibu wajibu wa kutibu. Vivyo hivyo, kuujua uovu mahususi wa kitu ni kujua pia kile ambacho kitu hicho kinakidai kwa aliyenacho. Pana tofauti ya kimaadili kati ya kilichokwisha kwa kutumika na kilichoangamia kwa kupuuzwa.

Pingamizi zito zaidi hutoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, ambapo Yesu anawaonya watu wasijiwekee hazina duniani, mahali nondo na kutu huharibu. Je, anayelinda gari la kale dhidi ya kutu hajiwekei hazina iliyokatazwa? Onyo hilo linauhusu moyo uliofungwa kwenye mali, nalo linampata kwelikweli mtu anayelificha gari ili thamani yake ipande au ili wengine wamwonee wivu. Halimpati kwa namna hiyo yule anayekitunza kitu kiendelee kufaa. Katika Qurani, sura ya 57, iliyopewa jina la Al-Hadid, yaani Chuma, inatajwa kwamba chuma kina nguvu kubwa na manufaa kwa watu, na kutoka katika neno hilo la manufaa msomaji anaweza kuona chanzo cha wajibu: chenye faida hakipaswi kuharibiwa bure, kwa sababu faida yake si ya mtu mmoja.

Hapa ndipo dhana ya amana inapoingia, kwa maana ya kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu kwa muda, ambacho ataulizwa alivyokihifadhi. Gari la kale lina sifa hiyo waziwazi, kwa kuwa aghalabu limepita katika mikono ya wengine kabla ya kumfikia aliyenalo, na litapita katika mikono ya wengine baada yake. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inaeleza jinsi Mtume Muhammad (S.A.W.) alivyoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu chini ya nafaka iliyokuwa kavu juu, naye akamkemea muuzaji kwa kutouweka unyevu huo juu watu wauone. Kosa la muuzaji halikuwa mvua iliyolowesha nafaka, maana mvua haikuwa kazi yake. Kosa lilikuwa kuuficha. Hukumu hiyo inamgusa moja kwa moja anayepaka puti na rangi mpya juu ya pindo lililooza, akafunga paneli inayong'aa juu ya nailoni iliyochanika, kisha akaliuza gari hilo kwa mtu asiyejua.

Utunzaji wa haki, kwa hiyo, huanzia upande usioonekana. Mpini wa kioo na kishikio hutolewa, paneli hung'olewa kwa kifaa bapa kinachoingizwa karibu kabisa na kila klipu ili ubao usipasuke, tope lililojikusanya chini hufagiliwa, na matundu huzibuliwa. Kisha maji kidogo humwagwa kando ya kioo na kutazamwa kama yanatoka chini bila kukawia. Kutu husuguliwa hadi kwenye chuma kizima, rangi ya kuzuia kutu hupakwa, na nta ya majimaji hupulizwa ndani ya pindo bila kuyaziba matundu. Ubao hupakwa vanishi upande wa nyuma na hasa kwenye kingo, na nailoni mpya hubandikwa pande zote, ukingo wake wa chini ukielekezwa ndani ya mlango ili tone linaloshuka lirudi lilikopaswa kwenda. Kosa baya kuliko yote hufanywa na mwenye nia njema, anayeyaziba matundu ya chini akidhani anayazuia maji, kumbe anayafungia ndani.

Kosa hilo lina funzo linalovuka gereji. Sura ya 83 ya Qurani inataja mioyo iliyofunikwa na yale watu waliyoyachuma, na wafasiri wengi wameufananisha ufuniko huo na kutu. Wala wanazuoni hawakusema kwamba moyo utasalimika kwa kutokosea kamwe, bali walihimiza toba, ambayo hukubali kwamba kosa limeingia na kulipatia njia ya kutoka. Anayejidai kuwa hana kasoro hufanana na mlango ulioziba matundu yake.

Kwa hiyo wajibu kwa kitu kisichodumu upo, ingawa una mpaka. Hakuna anayedaiwa kukipa chuma umri wa milele, na bati lililokwisha kuliwa halina haki ya kufukarisha nyumba ya mtu. Kinachodaiwa ni kutokiacha kitu kife kwa uzembe na kutoificha kasoro yake kwa anayekipokea. Mwenye gari la kale na aufungue mlango wake kabla ya masika, fundi na airudishe nailoni hata kama hakuna atakayekagua, na muuzaji na amwonyeshe mnunuzi kutu iliko kabla hajapokea fedha yake.